Masizi ya Nairobi Yana Umri Gani?

Msomaji mmoja anayeishi kando ya Jogoo Road, Nairobi, ameniletea ugomvi wa ploti yao. Kila akifuta dirisha, kitambaa hutoka cheusi. Majirani wanamlaumu mama anayechoma mahindi kwa makaa pale chini. Msomaji wangu anashuku matatu. Nani mkweli?

Habari za chembe ndogo kuliko unene wa unywele, na jinsi zinavyopenya mapafuni, mmezisoma hadi mkachoka. Naziruka. Hewa ya jiji ina udongo wa barabarani, salfeti na nitreti zinazoundwa angani kutokana na gesi, unga wa breki na matairi, mafuta ambayo hayakuungua vizuri, na masizi, ambayo wanasayansi huyaita kaboni nyeusi. Leo nataka masizi tu, kwa sababu yana umri, na umri huo unapimika.

Juu kabisa angani, miale itokayo mbali nje ya dunia huzalisha chembe zinazogonga atomu za nitrojeni na kuzigeuza kuwa kaboni-14. Ni kaboni nzito kidogo kuliko ya kawaida, na haidumu: kila miaka 5,730 nusu yake hurudi kuwa nitrojeni. (Wapo wanaouita muda huo nusu-maisha. Mimi silitaki neno hilo. Atomu haina maisha ya kukatwa katikati. Nasema muda wa kupungua nusu, hadi mtu aniletee jina lenye ladha zaidi.) Mimea huivuta kaboni hiyo pamoja na hewa, ndiyo maana kuni, makaa na magunzi ya mahindi vyote vinayo, takriban atomu moja katika kila atomu trilioni moja za kaboni. Dizeli na petroli zimetokana na viumbe waliofukiwa mamilioni ya miaka iliyopita. Kaboni-14 yao ilikwisha zamani.

Aliyewahi kupeleka maziwa kwenye kituo cha ushirika atalielewa hili kwa haraka. Karani hakuulizi kama umetia maji. Anatumbukiza laktomita: maziwa yakiwa safi inaelea juu, yakiwa na maji inazama, na kadiri inavyozama ndivyo anavyojua umetia kiasi gani. Kaboni ya kuni ni maziwa, kaboni ya mafuta ya ardhini ni maji. Masizi yakiwa na nusu ya kaboni-14 iliyomo kwenye kuni, basi nusu yake imetoka kwenye kisima cha mafuta. Karani hawezi kukwambia kama maji yale ni ya mto au ya bomba. Vivyo hivyo kaboni-14 haitofautishi lori na jenereta. Hata ng'ombe mwenye maziwa mazito kupita kawaida yumo: majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 yaliongeza kaboni-14 angani hadi ikakaribia maradufu, kwa hiyo gogo la mti uliokua wakati ule lina kaboni-14 nyingi kuliko jani la leo. Maabara hulisawazisha hilo kwa hesabu, tuendelee.

Laktomita ya masizi ndiyo ghali. Hewa hufyonzwa kupitia kichujio cha nyuzi nyembamba, masizi yaliyonaswa huchomwa yakawa kaboni dioksaidi, kisha mashine inayorusha atomu kwa kasi kubwa huzihesabu moja moja.

Leonard Kirago na wenzake, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Stockholm, waliipima hewa ya Nairobi kwa njia hii na kuchapisha matokeo mwaka 2022. Takriban asilimia 85 ya kaboni nyeusi ilitokana na mafuta ya ardhini, na hali ilikuwa hivyo mwaka mzima. Masizi yalichukua kama asilimia 15 ya uzito wa chembe ndogo zote, sehemu kubwa ukilinganisha na miji mingi. Mama wa mahindi ana kesi ndogo sana. Ukipanda Mlima Mugogo kaskazini mwa Rwanda, ambako pia masizi yamepimwa, mambo yanapinduka: huko moto wa nyika ndio unaotawala. Jiko ndani ya chumba kisicho na dirisha ni habari nyingine.

Kati ya injini, ninayoishuku zaidi ni ya dizeli. Petroli kwa kawaida huchanganyika na hewa kabla ya cheche kupigwa. Dizeli hunyunyizwa ghafla ndani ya hewa iliyoshindiliwa ikawa moto, na katikati ya mnyunyizo oksijeni haiwahi kufika. Kaboni hushikana badala ya kuungua. Lori lililozidishiwa mzigo likipanda mlima, dereva akikanyaga mafuta zaidi, wingu jeusi hutoka. Januari 2015, Kenya na majirani zake wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliweka kikomo cha salfa kwenye dizeli kuwa sehemu 50 kwa milioni. Salfeti hupungua kwa hatua hiyo. Lakini masizi yanahitaji kichujio kwenye ekzosi, na injini nyingi kuukuu za dizeli zilitoka kiwandani bila hicho.