Elfu Kumi kwa Mwezi: Daftari la Msomaji wa Riwaya wa Chanika

Binti wa duka la vifaa vya shule pale Manundu, Korogwe, aliniamkia vizuri, akanisikiliza mpaka mwisho nilipomtajia Nagona ya Euphrase Kezilahabi. Kisha akauliza: "Mzee, hiyo ipo kwenye silabasi?" Nikamwambia haipo, nataka kuisoma mwenyewe tu. Akanitazama kama mtu aliyeingia duka la spea kuulizia chumvi. "Basi hatuna, baba. Labda uagize Dar."

Siku hiyo nilikuwa nimetoka Chanika, Handeni, kwa basi kwa shughuli hiyo moja. Barabara ya Korogwe hadi Handeni ni kilomita 65. Kwa nauli elekezi ya LATRA iliyoanza kutumika Desemba 2023, basi la daraja la kawaida lilikuwa shilingi 48.47 kwa kilomita, kwa hiyo safari moja ilikuwa kama 3,150, na kwenda na kurudi 6,300. Nikarudi Chanika mikono mitupu, nikafungua daftari na kuandika: "6,300, Nagona, haikupatikana."

Daftari hilo ndilo nililolitumia mwaka mzima. Nilijiwekea elfu kumi kwa mwezi kwa ajili ya riwaya, yaani 120,000 kwa mwaka, nikaapa kuandika kila shilingi: ya kitabu, ya nauli, ya kutuma pesa, hata ya hadithi za kwenye simu. Nilitaka kujua kusoma kunamgharimu kiasi gani mtu asiyeishi Dar wala Arusha, na pesa hiyo inamletea nini.

Kwa hapa kwetu, riwaya iliyowekwa kwenye mitihani ina bei moja. Riwaya isiyotahiniwa ina bei mbili, ya kitabu na ya barabara.

Nianze na zile za bei moja. Kwa miaka mingi wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne wamesoma Takadini, Watoto wa Mama N'tilie na Joka la Mdimu, na wale wa kidato cha tano na cha sita wamesoma Vuta n'kuvute, Kufikirika, Usiku Utakapokwisha na Mfadhili. Hizo utazikuta Manundu, na Chanika pia shule zinapofungua, zimepangwa kati ya madaftari na mikebe ya hesabu. Mtu mzima huona aibu kidogo kuzinunua, maana muuzaji anadhani unamnunulia mtoto. Mimi nilinunua tatu: Vuta n'kuvute kwa 12,000, Mfadhili ya Hussein Tuwa kwa 8,000 na Kufikirika kwa 6,000. Jumla 26,000, nauli hakuna, kwa sababu nilikwenda Korogwe kwa shughuli nyingine.

Kati ya vyote nilivyosoma mwaka huu, Vuta n'kuvute ndiyo ya kwanza. Wengi wetu tuliisoma kwa ajili ya maswali: mhusika mkuu, dhamira, tamathali za semi. Ukiisoma ukiwa na watoto wako, ni kitabu kingine. Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa kwa Bwana Raza mwenye umri wa baba yake, anaikimbia ndoa hiyo, na ukoo unamfungia mlango. Anapokelewa na Mwajuma, ambaye hana mali wala jina kubwa. Kisha anaingia Denge na siasa za kudai uhuru, na unagundua kwamba Adam Shafi amekupitisha kwenye historia ya Unguja bila kukukalisha darasani. Kitabu kilitoka mwaka 1999, na Amil Shivji akakitengenezea filamu iliyoonyeshwa kwenye tamasha la Toronto mwaka 2021. Huku kwetu vibanda umiza vina mpira na sinema za mapigano, kwa hiyo hiyo filamu tumeisikia tu. Nilikisoma kwa usiku sita, sawa na 2,000 kwa usiku. Sahani ya chipsi mayai ni zaidi ya hapo, na unaimaliza kabla chai haijapoa.

Mfadhili ni ya kusoma haraka. Tuwa anajua kumaliza sura mahali ambapo huwezi kulala. Niliimaliza kwa siku mbili, na mke wangu kwa siku moja na nusu, akaniuliza kama kuna nyingine ya mwandishi huyo. Kwa 8,000 iliyosomwa na watu wawili, sina malalamiko. Kufikirika inadai subira. Shaaban Robert, mtoto wa Vibambani, Tanga, aliyezaliwa mwaka 1909, alikuwa amekwisha kufariki kitabu hicho kilipochapishwa mwaka 1967. Kiswahili chake kinataka kusomwa kwa sauti, taratibu, kurasa chache alfajiri kabla ya shughuli. Ukikibeba kwenye basi la Mkata kitakushinda.

Sasa zile za bei mbili. Niliagiza Peponi na Mungu Hakopeshwi kwa muuzaji wa Dar es Salaam. Utaratibu ni ule ule wa kuagiza spea ya pikipiki: unatuma pesa kwa simu, muuzaji anaufunga mzigo na kuupeleka kwa wakala wa basi, unatumiwa namba ya basi na simu ya konda, nawe unausubiri stendi ya Korogwe. Peponi ilikuwa 25,000, Mungu Hakopeshwi 20,000, na mzigo 5,000. Makato ya kutuma pesa, ukijumlisha miamala yote ya mwaka, yalifika 1,400. Na kwa kuwa siku hiyo sikuwa na shughuli nyingine Korogwe, nauli ya 6,300 ikaingia tena kwenye daftari.

Hapo utaona kilichonikosesha usingizi. Mzigo na nauli ni 11,300 kwa vitabu viwili, yaani kila kitabu kilibebeshwa 5,650 za barabara. Kama ningeagiza kimoja tu, kingebeba zote 11,300, karibu bei ya Vuta n'kuvute nzima. Basi halijali kama kifurushi kina kitabu kimoja au vitano. Hili nilipaswa kulijua mapema, kwa kuwa wenye maduka ya Chanika wamekuwa wakichangia mizigo tangu zamani.

Je, Peponi ilistahili gharama hiyo? Kwangu mimi, ndiyo. Abdulrazak Gurnah aliiandika kwa Kiingereza kwa jina la Paradise mwaka 1994, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, na mwaka uliofuata Ida Hadjivayanis akatuletea tafsiri ya Kiswahili. Yusuf, mvulana wa miaka kumi na miwili, anachukuliwa na tajiri anayemwita Ami Aziz, na baadaye anafahamu kwamba amewekwa rehani kwa deni la baba yake. Sehemu iliyonigusa zaidi ni msafara wa kwenda bara. Kitabu hakitaji Korogwe, lakini msomaji wa hapa ana sababu ya kuusoma msafara huo kama habari za nyumbani. Misafara ya Pangani ilifuata bonde la Mto Pangani kwenda Upareni na Kilimanjaro, na pale Mazinde mtawala Semboja alikaa njiani akichukua chake kwa kila aliyepita. Nilipokuwa nikisoma jinsi wafanyabiashara wanavyodaiwa hongo na kila mtemi, nilikuwa nawaona watu wa Mazinde. Kuna sentensi chache zinazokwenda kwa mguu wa Kiingereza, lakini ni chache. Toleo la Kiingereza nililoliona Dar lilikuwa ghali kuliko hili, kwa hiyo mwenye lugha zote mbili hana sababu ya kusitasita.

Mungu Hakopeshwi ya Zainab Alwi Baharoon, iliyopata Tuzo ya Mabati-Cornell mwaka 2018, nimeiweka ya tatu. Ni habari ya baba anayeitawala nyumba kwa mkono wa chuma, na ya wale wanaoishi chini ya mkono huo. Mwanzo wake ni mzito kidogo. Ukivuka hapo, hutaiweka chini.

Wako watakaosema: kwa nini usitoe kopi? Niliazimwa Kuli ya Adam Shafi, ile ya Rashidi na mgomo wa wachukuzi bandarini Unguja mwaka 1948, na nikashawishika kuipeleka stationeri. Nikapiga hesabu kwanza. Kitabu cha kurasa 200, kurasa mbili kwa karatasi moja, ni karatasi 100. Kwa shilingi 100 kila moja ni 10,000, na kubana ni 2,000. Jumla 12,000, bei ile ile niliyonunulia Vuta n'kuvute mpya yenye jalada, na kurasa za kopi hufifia kabla wajukuu hawajajua kusoma. Tena Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haikuruhusu, na mwandishi hapati hata senti. Nikakisoma cha kuazima, nikakirudisha kwa mwenyewe.

Njia ambayo vijana wengi wa hapa wanaitumia ni simulizi za kwenye simu. Unatuma pesa, unaingizwa kwenye kundi la WhatsApp, na sehemu mpya zinashuka kila jioni. Nilijiunga na moja ya kisasi na mapenzi, shilingi 1,000 kwa kila sehemu kumi. Ilianza vizuri sana, sitadanganya. Nikalipa mara sita, 6,000. Ilipofika sehemu ya 57 mtunzi akanyamaza, kisha kundi likafungwa, na mpaka leo sijui kama yule dada alimkuta kaka yake hai. Bando sikulihesabu kwa sababu lilitumika kwa mengine pia. Ukiona 1,000 unadhani ni rahisi, lakini 6,000 ile ile ilininunulia Kufikirika ambayo mwisho wake upo na haufutiki. Ushauri wangu: lipia simulizi iliyokwisha kuandikwa yote, na uitumiwe yote kwa mara moja.

Vitabu vilivyotumika ndivyo vilivyonipa raha kwa bei ndogo kabisa. Nilipokwenda Dar msibani nilipita kwa wauza vitabu wa kando ya barabara nikapata Dar es Salaam Usiku ya Ben Mtobwa kwa 3,000, jalada limechanika, ukurasa mmoja una mhuri wa shule. Mtobwa alifariki mwaka 2008, na sijaona aliyeshika kalamu yake. Na mwalimu mmoja mstaafu wa Korogwe aliniazima Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed na Mzimu wa Watu wa Kale ya Mohamed Said Abdulla, bure, kwa sharti moja: nisikunje pembe za kurasa. Nyota ya Rehema ingeweza kushindania nafasi ya kwanza na Vuta n'kuvute. Nimeiweka ya pili kwa Kiswahili chake, ambacho ukikisoma unaona haya kwa namna tunavyoongea sisi. Katika Mzimu, mpelelezi Bwana Msa na mtemba wake bado anafurahisha, ingawa msomaji wa leo atamfumania muuaji mapema kidogo.

Daftari limefungwa hivi. Vitabu vya Manundu 26,000. Vya Dar pamoja na mzigo 50,000. Mtobwa 3,000. Simulizi 6,000. Nauli za safari mbili 12,600, na miamala 1,400. Jumla 99,000 kwa riwaya tisa kamili na moja iliyokatika kichwa. Zimebaki 21,000.

Mwakani tutafanya tofauti. Tumekubaliana watu watano hapa Chanika: mhasibu, fundi cherehani, walimu wawili na mimi. Kila mmoja atanunua riwaya moja, zote ziagizwe kwa mzigo mmoja, kisha zizunguke. Kama mzigo utabaki 5,000, kila kitabu kitabeba 1,000 tu, na kwa bei ya riwaya moja kila mtu atasoma tano. Mimi nimepewa Nagona, na safari hii sitaifuata kwa miguu yangu. Mhasibu amechagua Haini, ambayo Shafi aliitoa mwaka 2003 kutokana na mambo ya gerezani baada ya kuuawa kwa Karume mwaka 1972. Mmoja wa walimu anataka tusubiri washindi wa Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, kwa kuwa serikali huchapa kazi zinazoshinda na kuzipeleka shuleni. Huenda zikafika Manundu kwa bei moja. Naona ni wazo zuri, lakini tusikae bila kitabu tukisubiri.

Kimebaki kimoja ambacho pesa yangu haijakipata. Habari za Wakilindi ya Abdallah bin Hemedi si riwaya, lakini habari zake za Mbega, mwindaji aliyetoka Nguu, milima iliyohesabiwa Handeni kabla ya wilaya ya Kilindi kuundwa, nasikia zinasomeka kama riwaya kuliko riwaya nyingi. Ilitolewa upya Nairobi mwaka 1962, lakini mimi naisikia kwa watu tu. Kama unasoma haya na unayo nakala kwenye sanduku la marehemu babu, Mazinde, Vuga, Mombo au popote, naomba kuazima kwa wiki mbili. Nauli ya kuifuata ninayo, 21,000, na pembe za kurasa sitazikunja.