Saa ya Mkono na Hisabu Yake



Mwezi wa Rajab 1445 (Januari 2024), tulipokuwa tukirejea kutoka Umra, tulipitia Maskati kumzuru mpwa wetu, mtoto wa dada yetu, ambaye tulimsomesha wenyewe tangu alifu mpaka akahitimu. Leo yeye ni fundi wa umeme huko. Baada ya sala ya Isha alituambia, "Mjomba, kesho naomba unisindikize. Nakwenda kununua saa." Tukacheka, tukamwambia kuwa saa hununuliwa na kila mtu wala haihitaji shahidi. Akajibu, "Hii yahitaji, Mjomba. Nimeiwekea akiba miaka mitatu."

Haya twayaandika kwa idhini yake. Hatukusudii kumsifu wala kumlaumu, bali safari ile ilitufunza sisi waalimu jambo tulilopaswa kulijua zamani.

Saa aliyoitaka ni ile iitwayo kronografu, yaani saa yenye kazi mbili: huonyesha wakati kama saa nyingine, na tena hupima muda wa jambo kwa sekunde. Ubavuni ina vitufe viwili. Cha juu kikibonyezwa, akrabu ndefu ya katikati huanza kwenda. Kikibonyezwa tena, husimama. Na cha chini huirudisha pale ilipoanzia. Jina lake latokana na maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya wakati na kuandika, kwani ile iliyotengenezwa na Nicolas Rieussec wa Ufaransa, ikapima mbio za farasi mjini Paris mwaka 1821, ilikuwa ikitia nukta ya wino usoni mwake.

Wala asidhani msomaji kuwa kuipima sekunde ni elimu iliyo ngeni kwa umma wetu. Taqi al-Din, mwanachuoni aliyesimamia jengo la kuangalizia nyota mjini Istanbul mwaka 1577, alitumia saa ya magurudumu yenye kuonyesha sekunde, zaidi ya miaka 240 kabla ya Rieussec.

Mpwa wetu alikuwa na mapenzi na Speedmaster, inayotengenezwa na Omega wa Uswisi. Ilitoka mwaka 1957 kwa ajili ya waendeshaji wa magari ya mashindano. Mwaka 1965 ilifaulu majaribio ya Wamarekani ya joto, baridi na mitikisiko, na Julai 1969 Buzz Aldrin aliivaa juu ya mwezi. Mwezi wa Aprili 1970 chombo cha Apollo 13 kilipoharibika angani, wasafiri wake waliitumia kuhesabu sekunde 14 za kuwasha injini ili wanyooshe njia ya kurudi nyumbani. Saa hiyo haina betri. Hutiwa ufunguo kwa mkono, na kamani yake ndiyo huyasukuma magurudumu yote. Kijana huyu, ambaye kazi yake ni nyaya na mitambo, aliihusudu kwa ufundi wake. Hatukuona ubaya katika hilo.

Asubuhi tulikwenda katika duka la kwanza. Mwenye duka, baada ya kutukaribisha kwa kahawa, alitutolea kronografu ya zamani ya dhahabu, iking'ara kama taa. Mpwa wetu akaivaa, akaunyosha mkono. Sisi tukamkumbusha kwa sauti ya chini kuwa Mtume s.a.w. ameharimisha dhahabu kwa wanaume wa umma wake na kuihalalisha kwa wanawake. Akaivua. Akaletewa ya chuma, akaomba ifunguliwe nyuma atazame mtambo. Mwenye duka akakataa, akasema kuwa jina lililoandikwa usoni latosha. Tukaaga, tukatoka.

Ndugu zetu, jina lililoandikwa usoni halitoshi. Novemba 2021 Speedmaster moja ya zamani iliuzwa mnadani Geneva kwa zaidi ya faranga milioni 3 za Uswisi. Mwaka 2023 Omega wenyewe walitangaza kuwa ilikuwa imeungwaungwa kwa vipande vya saa mbalimbali. Ikiwa matajiri wenye wataalamu wao wamedanganyika, sembuse fundi wa umeme mwenye akiba ya mshahara?

Kwa hiyo tulikwenda mtaa wa Ruwi kwa fundi saa mmoja mzee, Mhindi, ambaye naye alikuwa na Speedmaster ya miaka ya 1970. Kabla hatujamwomba, aliifungua. Akamwonyesha kijana nambari ya mtambo na alama zake, akamwambia ni kipande gani kilichobadilishwa na kwa nini. Akambonyezesha kitufe cha juu, kisha cha chini, atazame kama akrabu yarudi sawasawa juu ya alama ya 12 au yapita kando. Akamweka sikio asikilize mwendo wake. Mwisho akataja bei: rial 2,350 za Oman. Mpwa wetu alikuwa na 2,400 mfukoni.

Basi hapo, alipokwisha kutia mkono mfukoni, tukamwuliza swali lililotujia ghafla: "Fedha hizi za miaka mitatu, umezitolea zaka?"

Akanyamaza. Kisha akasema, "Mjomba, mimi sina ngamia."

Wallahi, neno lile lilitukata. Hakulisema kwa mzaha. Alikuwa akikumbuka darsa tuliyomsomesha sisi, akiwa na miaka kumi, juu ya mkeka: ngamia watano, mbuzi mmoja, ng'ombe thelathini, ndama mmoja. Tulimfundisha nisabu ya wanyama ambao hakuwahi kuwamiliki, wala hatukumfundisha nisabu ya mshahara atakaoupokea. Kosa lilikuwa letu kabla halijawa lake.

Tukaketi palepale katika kibao cha fundi, tukahesabu. Fedha zilizotimiza nisabu, kwa kipimo cha gramu 595 za fedha safi, zikapitiwa na mwaka, zaka yake ni fungu moja katika arobaini. Mwaka wa kwanza alikuwa na rial 800: zaka 20. Mwaka wa pili 1,600: zaka 40. Mwaka wa tatu 2,400: zaka 60. Jumla rial 120. Zitakazobaki ni 2,280, nazo hazifiki bei ya saa kwa rial 70.

Fundi hakuweza kupunguza. Rafiki wa kijana alimwambia kwa simu kuwa benki yake itamkopesha siku hiyohiyo kwa riba, akakataa. Sisi hatukumwamrisha neno. Aliitazama ile saa kwa muda, akairudisha juu ya kitambaa, na kabla ya adhuhuri zile rial 120 zilikuwa zimekwisha kuwafikia wanaostahiki. Juma la pili yake saa ile ilinunuliwa na mtu mwingine.

Muharram 1446 (Julai 2024) alitupigia simu. Fundi yule yule alikuwa amepata nyingine, yenye mikwaruzo zaidi, mtambo wake salama, kwa rial 2,200. Ameinunua. Akatuambia, "Mjomba, hii naivaa bila ya deni la mtu wala la masikini."

Basi enyi vijana, kitu kizuri cha halali si haramu kukitamani. Lakini anayetafuta saa ya thamani na aifungue aone ndani yake, asinunue kwa muuzaji anayekataa kuifungua, asivae dhahabu ikiwa ni mwanamume, asiingie katika riba, na auulize mfuko wake kabla ya kumwuliza muuza saa.

Na sisi waalimu tuna letu. Tangu tuliporejea, darsa ya zaka katika madrasa yetu twaianza kwa mshahara na akiba. Ngamia huja baadaye. Mwenyezi Mungu ameapa kwa Wakati katika Sura ya Al-Asr, nasi hatujui ni muda gani tuliobakiza wa kusahihisha tuliyoyaacha.

Wabillahi tawfiq.