Ufugaji wa Kuku wa Nyama Kajiado (Sehemu ya Pili): Maji Tumboni

Katika sehemu ya kwanza tulieleza namna ya kuandaa banda. Leo tuangalie ugonjwa unaoua kuku walionona, hasa Juni na Julai, upepo wa baridi unapovuma katika mbuga za Kitengela na Isinya. Kuku wa wiki ya nne au ya tano huanza kuhema, upanga wake hugeuka zambarau, kisha hufa. Akipasuliwa, tumbo limejaa maji ya manjano.

Wafugaji wengi hudhani ni ambukizo, wakakimbilia duka la dawa. Chanzo hasa ni moyo kushindwa na kazi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, waliwalea pamoja kuku wa mbegu ya 1957, ya 1978 na ya 2005, wakawapa chakula kile kile. Walipofika siku 56, wa 1957 alikuwa na wastani wa gramu 905, wa 1978 gramu 1,808, na wa 2005 gramu 4,202. Nyama imeongezeka kwa kasi ambayo moyo na mapafu havikuweza kuifuata. Moyo hulazimika kusukuma damu kwa nguvu kwenye mapafu madogo, huchoka, damu hurudi nyuma hadi kwenye ini, na maji huvuja tumboni.

Mahali petu panazidisha tatizo. Kitengela iko takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na kila pumzi huku ina oksijeni pungufu kwa karibu moja ya sita ikilinganishwa na Mombasa. Baridi nayo humfanya kuku ahitaji oksijeni zaidi ili ajipashe joto. Hapo mfugaji, kwa nia njema, huteremsha mapazia yote na kuwasha jiko la makaa ndani. Joto linapatikana, lakini moshi wa makaa na amonia inayotoka kwenye maranda yaliyolowa huharibu hewa iliyobaki. Ukiingia bandani macho yakawasha, fahamu kuwa kuku wako wamekuwa wakivuta hewa hiyo usiku kucha.

Kinga ipo. Wiki ya kwanza vifaranga wapewe joto la nyuzi 32 hadi 34, kisha lipunguzwe nyuzi 3 hivi kila wiki hadi 21. Wakisongamana wanaona baridi. Wakilikimbia jiko joto limezidi. Wakitawanyika sawasawa wametulia. Pazia la upande wa upepo lifungwe, la upande wa pili liachwe wazi sehemu ya juu ili hewa chafu itoke. Jiko liwe na bomba la kutolea moshi nje, na maranda yaliyolowa yaondolewe siku hiyo hiyo.

Kasi ya kukua nayo ipunguzwe mapema. Katika wiki ya pili na ya tatu, chakula cha unga badala ya pelleti huwafanya kuku wale polepole. Wapate pia usiku wa giza: Umoja wa Ulaya, katika kanuni zake za 2007, unataka angalau saa 6 za giza kwa siku, 4 kati yake mfululizo. Kuku anayelala hupumzisha moyo wake.

Antibayotiki haziwezi kuponya moyo uliochoka. Ukizitumia ovyo unapoteza fedha, unazoesha vijidudu dawa, na mabaki yake yanaweza kumfikia mlaji wa nyama. Kuku wakifa kwa wingi, mwite daktari wa mifugo awapasue na athibitishe kabla hujanunua chochote.

Sheria ya Kenya ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inakataza kumsababishia mnyama mateso yasiyo ya lazima, na kuku anahesabika humo. Kuku wa nyama huishi wiki sita tu, na pumzi zake zote ziko mikononi mwa mfugaji. Kwa hiyo ndugu mfugaji, usiku huu kabla ya kulala, ingia bandani, uinue pazia la juu, uwape hewa.

Sehemu ya tatu itahusu chanjo za kideri na Gumboro.