Kiwiko Kipya: Kinakupa Nini, Kinakunyima Nini?

Hebu jaribu kula ugali bila kukunja kiwiko. Tonge umelishika vizuri, lakini mdomoni halifiki. Jaribu na kuchana nywele. Unaona? Kiwiko hatukifikirii mpaka siku kinapogoma.

Kwa mwenye baridi yabisi ya rumatoidi, anayekigomesha ni kinga ya mwili wake mwenyewe. Badala ya kupambana na vijidudu, inashambulia utando laini ulio ndani ya kiungo. Utando unavimba, gegedu inalika, kisha mfupa unafuata. Siku hizi dawa kama methotreksati zinawaokoa wengi wasifike huko. Kwa waliofika na maumivu hayatulii, daktari wa mifupa anaweza kubadilisha kiwiko chote. Anaondoa sehemu zilizoharibika, anachomeka chuma ndani ya mfupa wa juu ya kiwiko na kingine ndani ya mfupa wa ulna chini yake, na kuvishikiza kwa saruji maalumu. Vyuma hivyo mara nyingi huunganishwa kwa bawaba, kama ya mlango.

Je, inasaidia? Mwaka 1998, Gill na Morrey wa Mayo Clinic, Marekani, walichapisha matokeo ya viwiko 78 vya wagonjwa wa aina hii, baadhi yao wakiwa wamefuatiliwa kwa miaka 10 hadi 15. Kiwango cha viungo kudumu bila kubadilishwa tena kilikuwa takriban asilimia 92. Wengi hawakuwa na maumivu, au yalikuwa kidogo tu. Na mkono ulikunjika vya kutosha: shughuli nyingi za kila siku zinahitaji kiwiko kitembee kati ya nyuzi 30 na 130, na wengi walifika hapo.

Ila kuna hatari zake. Vijidudu vinaweza kuingia, hasa kwa kuwa dawa za ugonjwa huu hupunguza kinga. Chuma kinaweza kulegea. Neva ya ulna, ile inayokupiga shoti ukijigonga kiwiko, inaweza kuumia.

Halafu kuna sharti la maisha yote. Ushauri uliozoeleka ni usinyanyue zaidi ya kilo 5 kwa mkono huo, na kwa kazi ya kurudiarudia isizidi kilo 1. Sasa piga hesabu: ndoo ya maji ya lita 20 ni kilo 20! Tena kiungo hiki hudumu kwa wagonjwa hawa kwa sehemu kwa sababu hawakitumikishi sana. Mikono na magoti yao mengi nayo yanauma. Vijana waliovunjika kiwiko, wenye nguvu za kurudi kazini, huvilegeza mapema zaidi.

Kwa hiyo kama mama au shangazi yako ameambiwa habari ya upasuaji huu, msiulize tu, "Maumivu yataisha?" Kaeni nyumbani mkubaliane: maji atachota nani?