Je, Wajua? Tiba ya Seli Huanzia Barabarani

Nchini Japani, Chuo Kikuu cha Keio kimewapandikizia wagonjwa wanne waliopooza seli changa za neva, takriban milioni mbili kila mmoja, mahali uti wa mgongo ulipoumia. Kulingana na matokeo yaliyotangazwa Machi 2025, wawili walipata nafuu, mmoja akisimama bila kushikwa. Wanne ni wachache mno, na baadhi ya majeruhi hupata nafuu bila seli, kwa hiyo bado ni jaribio. Ila wote walipandikizwa kati ya wiki ya pili na ya nne baada ya kuumia, hivyo majeruhi anapaswa kufika hospitalini mapema na salama, na hapo ndipo Kitale na Bungoma, magharibi mwa Kenya, zinapohusika. Abiria wa bodaboda aliyeanguka karibu na Webuye, kisha akabebwa amekunjwa katikati ya watu wawili kwenye pikipiki nyingine, anaweza kupoteza neva zilizonusurika kabla ya kufika hospitalini. Hospitali ya kitaifa ya majeruhi wa uti wa mgongo nayo iko Nairobi, takriban kilomita 400 kutoka huko.

Wapo wanaosema tuachane na seli, tununue viti vya magurudumu. Viti vinahitajika leo, kweli kabisa. Lakini ubao wa kumlaza majeruhi, shingo iliyotulizwa na ngozi isiyo na vidonda humfaa mgonjwa sasa, na ndivyo vitakavyomweka tayari tiba ikithibitishwa. Kuuza shamba kufuata kliniki za ng'ambo zinazouza tiba ya seli ni hatari: mwaka 2014 madaktari wa Marekani waliripoti uvimbe waliouondoa mgongoni mwa mwanamke aliyepandikizwa seli za pua miaka minane awali.