Si kila maumivu ya taya ni jino

Wako watu hapa kwetu Pwani waliong'olewa magego mawili matatu ya upande mmoja, na maumivu yakabaki palepale. Huenda jino halikuwa na kosa tangu mwanzo.

Kila upande wa uso una neva moja kubwa inayopeleka hisia kwenye ubongo. Ina matawi matatu: la juu ni la kipaji na jicho, la kati ni la shavu na meno ya juu, la chini ni la taya na meno ya chini. Kwa kuwa fizi na uso hutumia njia moja, si rahisi kujua maumivu yametoka wapi. Jino bovu la chini huweza kuuma hadi sikioni.

Ugonjwa wa fizi huanza kimyakimya. Utando wa vijidudu hujishika kwenye meno, ukaganda ukawa ugaga, fizi zikavimba na kutoa damu. Ukiachwa, mfupa unaoshika meno huliwa, meno yakalegea. Mvutaji sigara na mwenye kisukari wamo hatarini zaidi. Pakiwa na usaha, maumivu hupwita mfululizo, na ukibonyeza jino huzidi.

Maumivu ya neva ya uso ni mengine. Hupiga ghafla kama umeme, sekunde chache hadi dakika mbili, kisha yakatulia. Kinachoyachochea ni kitu kidogo tu: mswaki, kutafuna, upepo wa feni, hata maji ya udhu yakipita shavuni. Aghalabu huwa upande mmoja, na huwapata zaidi waliopita miaka 50, wanawake kuliko wanaume. Mara nyingi chanzo ni mshipa wa damu unaoigandamiza neva karibu na ubongo. Kung'oa jino hakuuondoi mshipa huo.

Basi fizi zinaingiaje? Haijathibitika kwamba ndizo zinazoleta maradhi haya ya neva. Lakini mgonjwa anayeogopa mswaki huuacha upande unaouma bila kusafishwa, na fizi huharibika. Hapo huwa na maradhi mawili, na moja hulificha jingine.

Anza kwa daktari wa meno, upigwe picha. Jino likionekana zima, usikubali ling'olewe; omba upelekwe kwa daktari wa neva. Dawa za kawaida za maumivu hazisaidii sana hapa. Iko dawa iitwayo kabamazepini, lakini huhitaji kupimwa damu, kwa hivyo usijinunulie dukani. Piga mswaki laini kwa maji vuguvugu. Ambaye maji ya udhu yanamtesa amuulize sheikh wake, kwani dini ina wepesi.

Na uso ukivimba pamoja na homa, au kumeza kukawa shida, usingoje kesho. Nenda hospitali siku hiyohiyo.