Aliyeko Luzira si Lazima Awe Mfungwa

Hapa Mulago tunakutana kila mara na wananchi waliosafiri kutoka Busia, Malaba, Mutukula au Mpondwe. Wengi wao wamefuata mgonjwa hospitalini. Wachache wamemfuata ndugu aliyekamatwa Kampala, na wakisikia kwamba amepelekwa Luzira hulia kana kwamba amekwisha kuhukumiwa. Tunaona inafaa kueleza mahali hapo ni pa namna gani.

Luzira, karibu na bandari ya Port Bell kwenye Ziwa Victoria, ilijengwa na serikali ya kikoloni katika miaka ya 1920. Jengo lake kuu, liitwalo Upper, lilikusudiwa watu wapatao 600, lakini kwa miaka mingi limebeba mara kadhaa ya idadi hiyo. Kandokando yake kuna gereza la Murchison Bay, gereza la wanawake, na gereza la mahabusu, yaani watu ambao kesi zao hazijaamuliwa. Zamani tawala za mitaa nazo zilikuwa na magereza yake. Sheria ya Magereza ya mwaka 2006 iliyaweka yote chini ya idara moja ya taifa.

Idara hiyo si Polisi, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Sisi twaweza kumshikilia mtu kituoni kwa muda usiozidi saa 48 tangu alipokamatwa. Baada ya hapo Katiba, ibara ya 23, inatutaka tumfikishe mahakamani kama hajaachiliwa mapema. Dhamana ya polisi hailipiwi hata shilingi moja. Anayedai fedha kwa ajili yake aripotiwe kwa mkuu wa kituo.

Hakimu ndiye anayeamuru mtu apelekwe rumande Luzira, na hata huko mtu huyo huhesabiwa hana hatia. Akikaa rumande siku 60 bila kesi kuanza kusikilizwa, kwa kosa ambalo mahakama za chini pia zaweza kulisikiliza, ni haki yake kuachiliwa kwa dhamana kwa masharti ya mahakama. Kwa makosa ya Mahakama Kuu pekee, kama kesi haijapelekwa huko, muda ni siku 180. Hesabuni siku hizo wenyewe, kwa maana mafaili ni mengi.

Mtu akikamatwa lazima aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, Kiswahili kikiwamo. Akiomba ndugu zake wajulishwe, wajulishwe. Raia wa Kenya, Tanzania au Kongo anaweza pia kuomba ubalozi wake upewe taarifa.

Mahabusu akiugua, hutibiwa kwanza katika hospitali ya magereza ya Murchison Bay. Ugonjwa ukizidi uwezo wake, huletwa Mulago. Hata akiwa kitandani hapa bado yumo mikononi mwa magereza. Ruhusa ya kumwona huombwa kwa askari magereza wanaomlinda, wala si kwa wauguzi.